Ngeli za Watoto: Uainishaji wa Awali wa Wanafunzi wa Meza Moja

Mwanaisimu yeyote atakwambia kwamba nomino haiaminiki kwa sura. Kiboko kavaa KI- sawasawa na kijiko, na anayeainisha kwa macho atawatia kabati moja. Subiri kitenzi. Kijiko kimeanguka, kiboko ameanguka. Hapo ndipo ngeli inapojulikana, na hapo ndipo kabati linapovunjika. Umri wa mtoto, makala haya yanadai, ni kiambishi cha namna hiyo hiyo. Shule huwapanga watoto kwa kiambishi: wa miaka minne chumba hiki, wa miaka saba kile. Nyumbani, penye meza moja, mpango huo haufiki saa nne asubuhi. Inabidi kusubiri kitenzi.

Data zilipatikana bila mtafiti kuzitafuta. Tarehe 15 Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufungwa kwa shule zote nchini Kenya kwa sababu ya korona. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 waliitwa darasani tarehe 12 Oktoba. Wengine wakangoja hadi 4 Januari 2021. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa wamekwisha kurudi mwishoni mwa Juni, na Uganda kuna waliokaa nyumbani hadi Januari 2022, kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa katikati, wala si wa kulalamika sana. Katika miezi hiyo masomo yalipitia redioni na kwenye televisheni, kila gredi na kipindi chake. Redio ni chombo cha heshima, lakini haina macho: humfundisha Gredi ya 1 kwa utulivu mkubwa huku Gredi ya 1 yuko juu ya friji.

Sampuli ni watoto wanne wa tumbo moja: binti wa miaka kumi aliyekuwa Gredi ya 4, kijana wa miaka saba, binti wa miaka minne, na kitinda mimba wa miaka miwili. Uwanja wa utafiti ni fleti ya vyumba viwili mtaani Tudor, Mombasa, yenye meza moja, viti vitatu, na ndoo iliyopinduliwa ambayo kila mmoja aliigombea kuliko viti. Mtafiti ni mama yao. Kibali cha maadili kilitolewa na nyanya yao, mama mkwe wangu, kwa sharti moja kwamba sufuria zake zisiguswe.

Mapitio ya maandishi yatakuwa mafupi, kwa kuwa sehemu yake ilichanwa na kitinda mimba. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha chekechea yake ya kwanza huko Bad Blankenburg mwaka 1837, alibuni vifaa alivyoviita zawadi: mipira ya sufu yenye rangi, kisha tufe, mchemraba na mcheduara wa mbao. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano, alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, na mfumo wake hadi leo huwachanganya makusudi watoto wa miaka mitatu hadi sita katika chumba kimoja. Mwaka huo huo wa 1907 kijana mmoja wa Uswisi, Jean Piaget, mwenye miaka kumi hivi, alichapisha maelezo mafupi kuhusu shomoro mweupe. Kutoka kwa shomoro akahamia konokono, na kutoka kwa konokono akahamia watoto wake mwenyewe watatu, ambao aliwatazama na kuwaandika hadi wakawa nadharia. Makala haya yanaona fahari kufuata nyayo hizo. Watoto wa mtu mwenyewe hawadai posho, na hawana njia ya kujiondoa katika utafiti.

Sasa ngeli zenyewe, si kwa mpangilio wa vitabu bali kwa mpangilio wa uharibifu.

Ngeli ya YA-YA ndiyo ya maji, mafuta, maziwa na mate. Haina umoja. Mtoto wa ngeli hii hawezi kufanya kitu kimoja kwa kipimo kimoja; atamimina mpaka chombo kiseme basi, na chombo husema basi kwa kufurika. Nyumbani kwetu mwakilishi wake alikuwa binti wa miaka minne. Kwa siku nyingi nilimpa kazi za penseli, kuunganisha nukta na kupaka rangi embe, naye akawa anachovya penseli ndani ya chai. Nikamwekea beseni, vikombe vya saizi tofauti, chujio na kitambaa, nikamwacha. Alikaa hapo muda ambao mtu mzima hawezi kukaa katika mkutano. Alijua mapema kuliko mimi kwamba vikombe vitatu vya chai hujaza gilasi moja na kubakisha kidogo, na kwamba hicho kidogo lazima kinywewe.

Hapo ndipo nikarudia jaribio maarufu la Piaget. Unajaza maji katika vikombe viwili vinavyofanana, mtoto anakubali kwamba ni sawa, kisha unamimina kimoja kwenye bilauri ndefu nyembamba na kuuliza wapi kuna maji mengi. Piaget alisema mtoto mdogo atachagua ndefu, na yule wa miaka saba hivi ataanza kujua kwamba kiasi hakijabadilika. Binti wa miaka minne alichagua ndefu bila kusita. Kijana wa miaka saba akacheka, akasema ni yale yale, si umeyamimina tu? Nadharia ikasimama. Kisha nikarudia kwa juisi ya ukwaju. Kijana akatazama, akafikiri, akasema ni sawa kabisa, na akanyoosha mkono akachukua bilauri ndefu. Ninapendekeza kwa unyenyekevu kwamba uhifadhi wa kiasi hauhimili sukari.

Ngeli ya KU ni ya vitenzi-jina: kupanda, kumwaga, kurarua, kutia kinywani. Kitinda mimba wa miaka miwili ni wa ngeli hii wala hana mpinzani. Watu hukosea wanapomwona kuwa mtenda. Yeye ni kutenda kwenyewe, kumevaa nepi. Vitabu vya malezi hushauri umpe kitu cha kumtuliza wakati wakubwa wanasoma, jambo linaloonyesha kwamba waandishi wake walikuwa na mtoto mmoja, au yaya wawili. Kumkataza hakufai, maana ni kumpa kitenzi kingine tu, nacho ni kulia. Kilichofaa ni kumpa KU yenye kazi: kopo la vifuniko vipana vya plastiki, kopo lingine tupu, na jukumu la kuhamisha. Akimaliza, anahamisha tena. Hakuna mtoto aliyewahi kuona upuuzi katika hilo, ingawa watu wazima hulipwa mishahara kwa kazi hiyo hiyo. Tahadhari moja si ya mzaha: kitu chochote kinachoweza kupenya shimo la pua au kumkaba koo, kama kunde, shanga au kifuniko kidogo cha dawa, kikae mbali naye, na mtu mzima akae karibu.

Ngeli ya PAKUMU ni ya mahali, nayo ina viambishi vitatu: PA- ya mahali dhahiri, KU- ya mahali pasipo dhahiri, na MU- ya ndani. Kijana wa miaka saba anazunguka baina ya vyote vitatu. Pale mezani hakai. Kule barazani anasikika lakini haonekani. Mle chini ya meza, na hapa ndipo utafiti ulipopata dhahabu, anasoma. Alipewa hadithi akiwa kitini, akasoma sentensi mbili kwa sauti ya mtu anayesomewa mashtaka. Alipoingia chini ya meza na shuka likashushwa pande zote, akamaliza kitabu na kuomba kingine. Mwalimu mwenye umbo la kuruhusu aingie naye.

Ngeli ya LI-YA ni pia ngeli ya ukubwa: jitu, jumba, jibwa. Kifungua mimba aliingia humo kwa hiari yake. Alijitwalia madaraka ya naibu mwalimu, akaandika ratiba, akaweka kengele, akaanza kuwasahihisha wenzake makosa ambayo hawajayafanya bado. Nilimvumilia kwa sababu alifanya jambo nililoshindwa. Mimi nilimweleza mdogo wake kutoa kwa kuazima mara kadhaa, naye akanitazama kama anayesikiliza lugha ya kigeni. Dada yake akamwambia, "Huna sita? Nenda kwa jirani kaombe kumi. Lakini jirani sasa amebaki na chache, usimsahau." Akaelewa papo hapo. Na dada mtu, ambaye daftari lake la zamani linaonyesha alikuwa akikosea hesabu hizo hizo, tangu siku hiyo hakukosea tena.

Ngeli zilizobaki nitazipita haraka. I-I ni ya vitu visivyohesabika, kama amani; nyumba yetu haikuwa nayo ya kutosha kwa uchambuzi. U-YA ndiyo inayobeba ulezi na malezi, na mwenye mtoto mmoja hudhani ni kitu kile kile. U-U ni ya unga, udongo na usingizi, yaani vifaa bora viwili na zawadi moja. Unga vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, kanda: umepata kinyunga cha kufinyangia herufi, ng'ombe na matatu, nacho chumvi inakilinda kisivunde upesi. Watoto wote wanne walikionja. Wote wanne hawakurudia. Hilo nalo ni somo la sayansi.

Msomaji makini ameshaona tatizo. Kama kila mtoto ana ngeli yake, basi mama anahitaji masomo manne kwa wakati mmoja, na huko ndiko kwenye wazimu. Nilikuwa nikisogea polepole upande huo pale nyanya yao alipoingilia kati, akiwa na mchango mkubwa wa kinadharia mkononi. Ulikuwa nazi.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa wawafunza ama wawachosha?"

"Nawafunza, mama."

"Basi wape kazi. Mchana twapika wali."

Hebu tulinganishe zawadi za Froebel na zawadi ya nyanya. Tufe la mbao la Froebel hubaki tufe. Nazi ikiwa na makumbi yake inaelea kwenye ndoo, na hilo pekee lilizua mjadala mrefu, maana kijana alikuwa ameweka dau kwamba itazama. Ikifuliwa kwenye kifuo inatoa makumbi, ambayo yakichambuliwa ni nyuzi, na nyuzi zikisokotwa ni kamba. Chini yake kuna vitundu vitatu: viwili vigumu na kimoja laini, ambapo chipukizi hutokea, na mtoto anaweza kukitambua kwa ncha ya kijiti bila kuambiwa. Ikivunjwa inatoa maji ya kunywa na vifuu viwili, na kifuu kitupu ni mashua mpaka abiria wazidi. Ikikunwa inatoa chembe nyeupe. Zikikamuliwa zinatoa tui la kwanza zito, kisha la pili jepesi. Na tui likiachwa litulie, mafuta yake hupanda juu yenyewe. Kuna chuo cha ualimu kinachotoa zaidi ya hapo kwa bei hiyo? Nazi zenyewe tulizinunua soko la Kongowea.

Kazi ikagawika bila mimi kugawa. Kifungua mimba alikalia mbuzi ya kukunia, baada ya kuzungushia nazi uzi na kuupima kwa rula ili aandike mzingo daftarini. Kijana alishika idara ya majini: ndoo, vifuu, na orodha ya vilivyozama. Binti wa YA-YA alipewa kumimina maji ya vuguvugu na kukamua, mikono ikazama hadi viwiko, akawa na furaha ya mtu aliyepata ajira anayoistahili. Kitinda mimba alihamisha makumbi kutoka kikapu kimoja hadi kingine, na kurudisha.

Nyanya alisimamia akiwa na kifumbu chake, bila fomu yoyote ya tathmini. Mtaala wa umilisi wa shule za Kenya hupima kwa ngazi nne, kuanzia chini ya matarajio hadi kuzidi matarajio. Yeye alitia kidole ndani ya nazi iliyokunwa na mjukuu wake mkubwa, akaisugua, akasema, "Huyu hajakuna, amebembeleza." Mjukuu akarudi kwenye mbuzi. Sijawahi kuona maoni ya mwalimu yakifanya kazi haraka namna hiyo.

Na mbuzi huyo, au hiyo, ndio ushahidi wangu mkuu. Mbuzi aliyevunjika mguu anaitiwa daktari wa mifugo. Mbuzi iliyovunjika mguu inapelekwa kwa seremala. Neno ni lile lile, herufi kwa herufi, na kinacholipeleka A-WA au I-ZI ni kazi inayofanywa. Ndivyo ilivyokuwa kwa wanne hawa. Mara tu shughuli ilipobadilika, walihama. Binti wa kumimina alipochoka na tui, akaingia chini ya meza pamoja na kitabu cha kaka yake, akawa PAKUMU kwa saa nzima. Kijana alipogundua kwamba mdogo wake hajui kwa nini kifuu kinazama kikijaa, alikua ghafla na kuwa LI-YA: mikono kiunoni, sauti ya dada yake, kila kitu. Kitinda mimba, kwa upande wake, alibaki KU, lakini ni wa kwanza kati yao kukumbuka kila kitu kiliwekwa wapi.

Kwa hiyo ratiba nne zilitupwa, na mahali pake pakawa na kitu kimoja kwa siku au kwa wiki, chenye kazi nyingi ndani yake. Kuna siku ya ukwaju, kuna siku ya mkeka uliochakaa na kufumuliwa ukili. Wiki ya kayamba ilikuwa ngumu kuliko zote. Kayamba halisi hutengenezwa kwa matete yaliyofungwa bapa pande mbili, na mbegu ndani. Sisi tulikuwa na kadibodi, gundi, na vijiti vya ufagio wa chelewa ambao mwenyewe aliulizia kwa siku kadhaa. Mpango wangu ulikuwa kwamba mkubwa ajifunze muziki, wa kati ahesabu kunde kwa makumi, na wa tatu apake rangi. Kijana akatia kunde nyingi kadiri ya uwezo wake, kwa mantiki kwamba kunde zaidi ni kelele zaidi. Kayamba ikanyamaza kimya. Akaitikisa, akaibana sikioni, akamimina nusu, ikaanza kusema. Akapunguza tena, ikasema vizuri zaidi. Akapunguza mno, ikafifia. Alifanya utafiti huo akiwa amesahau kabisa kuhesabu. Aliyehesabu ni mdogo wake, ambaye kazi yake ilikuwa rangi: alikuwa akisikiliza kwa nyuma, na jioni akamhesabia baba yake kumi, ishirini, thelathini mpaka mia, akiruka sabini kila mara kwa uaminifu. Somo lilirushwa kwa mmoja na likadakwa na mwingine. Tangu hapo nikiandaa kitu kwa mkubwa, husema kwa sauti.

Uthibitisho wa mwisho ulikuja tarehe 12 Oktoba, Gredi ya 4 ilipoitwa shule. Nilidhani wanafunzi watatu watakuwa kazi nyepesi kuliko wanne. Hesabu inasema hivyo. Meza ilianguka ndani ya asubuhi moja. Hakuna aliyejua kengele inapigwa lini, hakuna wa kuigwa, na kutoa kwa kuazima kukarudi kuwa lugha ya kigeni. Ilichukua siku kadhaa kabla kijana wa chini ya meza hajatoka, akaketi kwenye kile kiti cha dada yake, na kumwambia mdogo wake anyamaze kwa sababu somo limeanza.

Limebaki suala moja la kitaalamu. Wanaisimu, kuanzia Wilhelm Bleek katika karne ya 19, wamezoea kuzipa ngeli za Kibantu nambari, na katika Kiswahili sanifu nambari 12 na 13 ni tupu. Mitaani Nairobi mtu akisema "katoto kale" ameirudisha 12 kwa mlango wa nyuma, lakini vitabuni haipo. Katika utafiti huu nafasi hizo mbili nimewatengea watoto wa jirani wa ghorofa ya chini, ambao hawakuhesabiwa katika sampuli, hawakuwepo wakati wa kupanga, na walipatikana mlangoni kila mara wali unapoiva. Walikuja kula, wakaona beseni, wakabaki. Baadaye mama yao akapanda ngazi, barakoa ikiwa kidevuni, akagonga.

"Mama nanihii, hiyo shule yako, karo ni pesa ngapi?"

Nyanya akanijibia kutoka jikoni kabla sijafungua mdomo: "Nazi mbili kwa wiki, na ziwe zimefuliwa."

Jumatatu akaleta tatu, na mtoto wa tatu.